Usiku wa Kuamkia Mtihani

Mgeni aliyejifunza Kiswahili kitabuni akialikwa shughuli hapa Tanga, akaambiwa mkesha ni "usiku wa kuamkia Jumapili", asipouliza mara ya pili atafika Jumapili usiku na kukuta watu wanasugua masufuria. Shughuli ilikwisha jana yake. Kwa hesabu ya pwani, jua likizama Jumamosi, Jumapili imeshaingia. Usiku ni mali ya siku inayokuja, na ndiyo maana wazee wakitaja usiku wa Ijumaa wanakusudia Alhamisi baada ya Magharibi.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu nimekaa miaka mingi nikisikiliza wanafunzi wa vyuo wakizungumzia ratiba zao, na karibu kila ratiba niliyoonyeshwa ina kosa moja: inaanza asubuhi. Ukiisoma utadhani mwanafunzi hushushwa kutoka mawinguni saa 11 alfajiri, ameshaoga, ameshiba na ana nguvu. Hakuna mstari unaosema alilala saa ngapi, kwenye joto gani, wala alikuwa ameshika nini mkononi kabla usingizi haujamchukua. Mimi nashikilia kwamba ratiba inayodumu huanza kupangwa Magharibi.

Kijana mmoja wa mwaka wa pili, aliyepanga geto na mwenzake huko Makorora, aliwahi kunionyesha yake kwenye simu. Alikuwa ameipiga picha ukutani: karatasi ya manila, kalamu za rangi nne, mistari imenyooshwa kwa rula. Saa 10 alfajiri, kuamka na kunywa maji ya vuguvugu. Saa 10 na robo, mazoezi ya viungo. Saa 10 na nusu, kusoma kitabu kisicho cha darasani. Aliiokota kwenye video ya tajiri mmoja wa Marekani.

"Mwalimu, nimeifuata siku tatu," akasema. "Ya nne nikasinzia kwenye daladala mpaka nikapitilizwa Pongwe."

"Haya mwanangu, asubuhi tuiache kwanza. Jana baada ya Magharibi ulifanya nini?"

Akanisimulia. Diskasheni ilikwisha saa 2 usiku. Akapita barazani kwa muuza kahawa, vikombe viwili na kashata. Akasubiri saa 6 bando la usiku lianze, maana ni rahisi kuliko la mchana, akapakua mhadhara mmoja na tamthilia vipande vinne. Alijilaza saa 8. Chandarua kilikuwa bado kimefungwa fundo juu ya kitanda, akaona uvivu kukishusha, na kwa joto lile hata hakukitamani. Saa 10 simu ikalia.

Hapo tuna mtu aliyelala saa mbili, anayejilaumu kwa kukosa nidhamu. Nidhamu anayo, aliyechora mistari ile kwa rula hawezi kuitwa mvivu. Alikosea hesabu tu.

Mwili wa binadamu una saa yake. Mwaka 1938 mtafiti wa usingizi Nathaniel Kleitman na kijana aliyekuwa mwanafunzi wake walijifungia siku 32 ndani ya pango la Mammoth, Kentucky, mahali jua lisipofika, wakijaribu kuishi kwa siku ya saa 28 badala ya 24. Kijana alizoea. Kleitman, aliyekuwa ameshapita miaka 40, mwili wake ulikataa: joto la mwili liliendelea kupanda na kushuka kwa mwendo uleule wa saa 24, pango au si pango. Leo tunajua kwamba saa hiyo inaendeshwa na jeni zilizomo ndani ya seli zetu, na wanasayansi watatu wa Marekani, Hall, Rosbash na Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kufichua utaratibu wake. Saa hiyo hurekebishwa hasa na mwanga unaoingia machoni. Mwanga wa asubuhi huivuta mbele, mwanga mkali wa usiku huirudisha nyuma. Kwa vijana, tangu balehe mpaka kwenye miaka ya mwanzo ya 20, saa hiyo huchelewa yenyewe. Mzazi anayemwona mwanawe hapati usingizi mpaka saa 6 na kumwita mkorofi, anaona zaidi umri kuliko tabia.

Katika hili sisi wa pwani tumebahatika. Mwanafunzi wa London, majira ya baridi, huamka gizani. Jua la Tanga halichezi: mwaka mzima huchomoza kati ya saa 12 kamili na saa 12 na nusu hivi, na huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo. Kwa hiyo dawa ya kwanza haina gharama. Ukiamka, toka nje. Piga mswaki uani, nywea uji wako mlangoni, nenda kituoni kwa miguu. Dakika 20 za mwanga wa anga zina uzito zaidi kwenye ile saa kuliko taa ya chumbani ikiwashwa saa nzima. Mwenye madirisha ya geto yaliyozibwa kwa kanga ili mwizi asichungulie, ambaye hutoka moja kwa moja kuingia ukumbi wa mihadhara, anaishi pangoni kama Kleitman ila bila kujua.

Sasa joto, ambalo vitabu vya ushauri vya Ulaya haviligusi kama tunavyolijua sisi, kwa sababu waandishi wake wanalala na blanketi. Ili usingizi uje, joto la ndani la mwili lazima lishuke kidogo. Chumba kilichoezekwa bati bila dari kinamwaga hadi saa 4 au 5 usiku joto lililolundikwa mchana kutwa. Kaskazi inapovuma, Januari mpaka Machi, hata upepo wenyewe ni wa moto. Na kalenda ya vyuo vyetu imepangwa hivi: mwaka unafunguliwa Oktoba au Novemba, mitihani ya muhula wa kwanza inaangukia Februari na Machi. Yaani mwanafunzi wa Tanga hufanya mitihani katika wiki ambazo kulala ni kazi kuliko wiki zote za mwaka. Kwa kusi, Juni na Julai, watu wale wale hulala kama watoto.

Hutabadilisha kalenda ya chuo. Unaweza kuoga saa moja au mbili kabla ya kulala, tena kwa maji yasiyo ya baridi sana, maana maji baridi hufunga ngozi na joto hubaki ndani. Ukitoka usijifute mpaka ukauke. Unyevu ule ukiyeyuka hubeba joto la ngozi. Feni kama ipo, ielekeze ubavuni mwa chandarua. Meza ya kusomea usiku ihame uani au kibarazani mpaka chumba kipoe, ila jipake dawa ya mbu. Na chandarua kishushwe Magharibi, kabla hujachoka, maana saa 6 usiku hakuna mtu mwenye moyo wa kufungua fundo. Mkoa huu unaijua malaria. Watafiti wamekuwa wakichunguza mbu wa Muheza na Amani kwa miongo mingi, na mbu wa malaria hufanya kazi yake usiku. Wiki moja ya homa katikati ya muhula huvunja ratiba yoyote ya rangi nne.

Kahawa nitaisema kwa woga, kwa sababu mimi mwenyewe nikisikia vikombe vikigongwa pembeni mwa barabara za Ngamiani huwa nasimama. Kafeini hupungua mwilini kwa nusu kila baada ya saa tano hivi, ingawa watu hutofautiana. Kikombe cha saa 2 usiku, nusu yake bado inazunguka saa 7. Wapo wanaojisifu kwamba wao kahawa haiwazuii kulala. Ni kweli wanalala, lakini usingizi wao huwa mwepesi na wanaamka wakiihitaji tena. Kahawa chungu ni kinywaji cha Alasiri. Hapo hata kashata nakuruhusu.

Bando la usiku ni mtego mgumu zaidi kwa sababu una hesabu ndani yake, na mwanafunzi hana fedha ya kuchezea. Sitamwambia mtu anunue la bei mbaya. Ninachomwambia ni kwamba mashine ndiyo ikeshe: panga faili zijipakue zenyewe, simu uiweke upande wa pili wa chumba, wewe ulale. Mwanga wa simu unasingiziwa kupita kiasi. Kinachomfanya mtu akeshe ni kilichomo ndani ya simu, na tamthilia ya Kituruki hukatwa kwa makusudi pale pale ambapo hutaki ikatwe.

Halafu kuna kupiga msuli. Kila chuo kina mashujaa wake, watu waliokesha usiku wa kuamkia mtihani na wakatoboa. Waliokesha na wakapata sapu hawasimulii. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, waliwapima watu wale wale mara mbili, mara moja wakiwa macho usiku kucha na mara nyingine wakiwa wamenyweshwa pombe. Baada ya saa 17 macho, yaani kwa aliyeamka saa 12 asubuhi, ikifika saa 5 usiku, mkono na jicho vilikuwa vimeharibika kama vya mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu. Kwenye saa 24 walikaribia asilimia 0.10, kiwango ambacho nchi nyingi humnyang'anya dereva funguo. Mwanafunzi anayeingia chumba cha mtihani bila kulala anaingia amelewa. Msimamizi hawezi kumnusa, basi.

Kwa nini basi kukesha kunamdanganya mtu hivi? Jibu zuri nililowahi kulisoma lilitoka Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, mwaka 2006. Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja lilivisoma mara nne. Kundi jingine lilisoma mara moja, kisha likafunika karatasi na kujaribu kuandika linachokumbuka, mara tatu. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele, wakikumbuka asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikuwa na asilimia 61, waliorudia asilimia 40. Anayepitia madesa usiku kucha anajiona anaelewa kwa sababu ya zile dakika tano. Ukurasa unauzoea, na macho hulichukua zoea kuwa ndio ujuzi.

Kwa hiyo kile kipindi kifupi baada ya chakula cha jioni, kama dakika 40 tu, usikitumie kusoma upya. Funika daftari, chukua karatasi tupu, andika yote unayokumbuka ya mhadhara wa leo, halafu fungua uone ulichoacha. Inakera. Kalamu inasimama, unajiona mjinga, unatamani kuchungulia. Kero hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ukimaliza lala, kwa kuwa kumbukumbu za mchana hupangwa na kukazwa usingizini, na anayekatisha usingizi anamfukuza fundi katikati ya kazi.

Twende kwenye tumbo. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu anapewa fedha ya chakula na malazi, ambayo mwaka wa masomo 2022/2023 ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000. Inaingia kwa mafungu. Fungu la siku 60 ni shilingi 600,000, na siku bumu linapoingia hakuna aliye maskini. Wiki ya kwanza ni kuku na chipsi, viatu, na madeni ya muhula uliopita. Wiki ya sita ni pasi ndefu: chai na chapati moja asubuhi, mpira unapigwa juu kupita mchana mzima, unatua kwenye ugali wa usiku. Wiki ya saba kuna anayefikiria mkopo wa kausha damu.

Anayepiga pasi ndefu hasumbuliwi na njaa tu. Mchana akili inakuwa nzito, hasira ziko karibu, na usiku anakula mlo mkubwa kwa mpigo kisha analala tumbo likifanya kazi. Niliowaona wakifaulu hapa walifanya jambo la kizamani: siku bumu lilipoingia walimlipa mama ntilie chakula cha mchana cha mwezi mzima, wali maharage au ugali dagaa, kabla hawajalipa kitu kingine. Fedha ikishageuka chakula haiwezi tena kugeuka viatu. Kilichobaki walikigawa kwa wiki na kujitolea fungu kila Jumamosi.

Na kwa kuwa tuko mkoa wa machungwa ya Muheza, nina neno dogo la kitaalamu ambalo hasa mabinti walishike. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha huingia mwilini kwa shida. Vitamini C ya chungwa huyasaidia kuingia. Chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Sisi tuna desturi ya kufuatiza maharage kwa chai ya rangi, na chungwa tunalila njiani saa nyingine kabisa. Badilisha nafasi zao tu. Chungwa mezani, chai baada ya saa moja. Upungufu wa damu huja polepole na hujifanya uvivu, na wengi wanaolaumiwa kwa kusinzia darasani wangepimwa damu kwanza.

Mazoezi sitayazungumza sana, Tanga ni mji wa baiskeli. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za kuushughulisha mwili kwa wiki. Anayeendesha baiskeli dakika 20 kwenda chuo na 20 kurudi, siku tano, ana dakika 200 na hajaingia gimu.

Wapo wasomaji ambao mpaka hapa wananicheka, kwa sababu hawana usiku wa kupanga. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo chake hapa Tanga, na wengi wanaosoma kwa njia hiyo ni walimu, wauguzi, makarani, akina mama wenye watoto watatu na zamu ya usiku. Hao ukiwapa ratiba ya saa kwa saa unawatukana. Ninawaambia wachague misumari miwili tu ya kutundikia siku, na msumari mzuri ni ule ambao mji wenyewe umeshaupigilia. Adhana ya Magharibi inasikika kwa Mwislamu na kwa Mkristo. King'ora cha kazini, jirani anayefungua duka, mtoto anayepelekwa madrasa. "Baada ya adhana ya Magharibi nashusha vyandarua na kufunika daftari" ni ratiba kamili. Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani, alifanya kazi Idara ya Forodha tangu 1926 hadi 1944, na hata baadaye aliendelea kuwa mtumishi wa serikali. Vitabu vyake zaidi ya 20 havikuandikwa na mtu mwenye siku tupu.

Watafiti wa London, wakiongozwa na Phillippa Lally, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea zoea moja jipya kila mmoja. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka jambo likawa linajiendea lenyewe, wa haraka siku 18, na kwa wazito makadirio yalifika 254. Siku 66 ni bumu moja na wiki ya njaa juu yake. Jambo jingine walilolibaini ndilo ninalowasomea wanafunzi wangu polepole: kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Mwenye karatasi ya manila, akikosa siku moja huichana yote.

Ramadhani nayo huja, na husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka; 2025 iliangukia Machi, pale pale kwenye mitihani. Anayefunga asijaribu kulazimisha ratiba ya Rajabu. Alale mapema baada ya Tarawehe, aunganishe daku na kipindi chake kigumu cha kusoma kabla ya Alfajiri kichwa kikiwa chepesi, na adhuhuri alale dakika 20 au 30. Zaidi ya hapo ataamka mzito kuliko alivyolala.

Lakini kuna uchovu ambao chungwa na chandarua haviutibu. Mtu akipita wiki mbili mfululizo hana raha na kitu chochote, hata mpira alioupenda, amekosa usingizi au analala kutwa, hali chakula, anajiona hafai, anawaza kwamba heri asingekuwepo, hiyo tunaiita sonona na ni ugonjwa. Mara nyingi hufuata kudisco, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, au hofu ya kudisco na aibu ya kurudi nyumbani ambako mbuzi alichinjwa siku ya kuondoka. Nyumbani watasema amerogwa au ana jini. Visomo na maombi vina nafasi yake, na hospitali ina yake. Milimani Usambara, wilayani Korogwe, hospitali ya Lutindi imekuwa ikipokea wagonjwa wa akili tangu 1904, kwa hiyo hakuna awezaye kusema matibabu haya ni mambo ya juzi yaliyoletwa na mtandao. Mwenye kuwaza kujidhuru asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Apelekwe hospitali ya karibu, na mwenzake wa chumba aende naye.

Yule kijana wa Makorora hakurudi kuamka saa 10. Anaamka saa 12 kasoro, anapiga mswaki uani. Manila bado iko ukutani, amegeuza upande wa nyuma na kuandika mistari miwili, na wa kwanza unahusu fundo la chandarua. Wewe unayesoma makala haya mchana, bado hujachelewa. Kesho yako inaanza leo saa 12 na nusu jioni.